Siku Puto Lisiporushwa

Nilipokuwa kidato cha pili katika shule moja ya sekondari mkoani Lindi, nilipewa zamu ya kusoma kipimamvua. Nyuma ya bwalo kulikuwa na kisanduku cheupe chenye miguu minne, ndani yake vikining'inia vipimajoto viwili, na hatua chache kando yake kulikuwa na mtungi wa shaba uliozikwa nusu ardhini. Kila siku saa tatu asubuhi nilitakiwa kumimina maji ya mtungi ule katika chupa yenye mistari, nisome milimita, kisha niandike tarakimu katika mraba wa siku hiyo. Jumapili moja sikwenda, na mvua ilikuwa imenyesha usiku na mchana. Jumatatu nikakuta maji ya siku mbili yamechanganyika, nikayagawa kwa akili yangu: kidogo Jumapili, mengi Jumatatu. Mwalimu wa jiografia alipopitia daftari aliniuliza ilikuwaje kijito cha nyuma ya shule kifurike Jumapili asubuhi kwa mvua ndogo namna ile, nami sikuwa na jibu. Akazikata tarakimu zangu kwa kalamu nyekundu na kuniamuru niuache mraba wa Jumapili mtupu. Niliona aibu kuutazama mraba ule hadi mwisho wa muhula.

Sikuwa mtaalamu wa hali ya hewa baadaye. Nimekuwa mhasibu, kazi nyingine ya miraba. Lakini tangu Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia mwezi Mei 2024, huku mjomba wangu akiwa na mashua yake Kilindoni, nimejizoeza kusoma taarifa za utabiri na, zaidi ya hapo, kuuliza zinatokana na nini. Ndiyo maana habari zilizotoka Marekani mwaka 2025 zilinigusa kuliko zilivyowagusa wenzangu kazini, ambao waliona ni mambo ya nchi ya watu.

Mwishoni mwa Februari mwaka huo Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani ilitangaza kwamba inasimamisha kurusha maputo ya upimaji katika mji wa Kotzebue, magharibi mwa Alaska, kwa kukosa watumishi. Tarehe 20 Machi ikatangaza kusimamisha pia Omaha katika jimbo la Nebraska na Rapid City katika jimbo la South Dakota, na kwamba vituo sita vingine, yaani Aberdeen, Grand Junction, Green Bay, Gaylord, North Platte na Riverton, vingerusha puto moja kwa siku badala ya mawili. Sababu iliyotolewa ilikuwa ileile ya upungufu wa watu, na upungufu huo ulikuja baada ya serikali kuwaachisha kazi mamia ya watumishi katika taasisi mama ya idara hiyo na wengine kuamua kustaafu mapema. Haikuwa kwamba vifaa vimeharibika wala gesi imekwisha. Aliyekuwa akitoka nje na kuliachia puto hakuwapo tena.

Puto lenyewe ni kitu cha kawaida kuliko mtu anavyodhani. Ni mpira mwembamba unaojazwa haidrojeni au heliamu hadi kufikia upana wa mita moja na nusu hivi, na chini yake hufungwa mwavuli mdogo na kifaa kinachoitwa rediosondi, chepesi kiasi cha kubebwa kwa vidole viwili. Likiachiwa hupanda takriban mita 300 kila dakika, na njiani kifaa hutuma kwa redio vipimo vya joto, unyevunyevu na mgandamizo wa hewa, huku mahali lilipo pakionyesha upepo unavyolisukuma katika kila tabaka. Baada ya muda usiofika saa mbili huwa limefika kilomita 30 au zaidi juu, limevimba kwa sababu hewa ya nje imekuwa hafifu, kisha hupasuka na kifaa hushuka na mwavuli wake. Jambo hili hufanywa mara mbili kwa siku, kwa wakati mmoja duniani kote, na kwa majira yetu ya Afrika Mashariki ni karibu na saa tisa alasiri na saa tisa usiku. Nchi zisizosalimiana kisiasa hurusha maputo yao saa hiyohiyo na kupeana vipimo bila malipo. Sijui jambo jingine la kila siku ambalo wanadamu wamelikubali kwa pamoja kiasi hicho.

Kwa nini puto moja la Omaha liwe na uzito wowote? Inafaa kuieleza nchi ile na dhoruba zake. Majira ya machipuko, hewa yenye joto na unyevu hutoka Ghuba ya Mexico ikatambaa kuelekea kaskazini juu ya tambarare, na juu yake hupita hewa nyingine, kavu na ya moto, kutoka nyanda za juu za kusini-magharibi. Hewa hii ya pili hukaa juu ya ile ya kwanza kama kifuniko juu ya sufuria iliyo jikoni. Jua likipiga mchana kutwa, sufuria huchemka. Kifuniko kikiwa kizito, siku hupita nyeupe na watu huanika nguo. Kikiwa chepesi kidogo mahali fulani, mvuke hupenya hapo kwa nguvu zote zilizokuwa zimezuiwa, na ndani ya muda mfupi wingu huwa limesimama zaidi ya kilomita kumi na mbili kwenda juu. Ikiwa pamoja na hayo upepo wa chini unatoka kusini-mashariki na wa juu unatoka magharibi, wingu lile huanza kuzunguka lenyewe, na mzunguko huo ndio unaozaa tornado, yaani nguzo ya upepo mkali unaozunguka kutoka winguni hadi ardhini.

Tofauti kati ya kifuniko kinachoshika na kinachoachia inaweza kuwa ya nyuzi moja au mbili za joto katika tabaka la mita mia chache tu. Setilaiti, pamoja na sifa zake zote, hulitazama anga kutoka juu na hupima tabaka nene kwa pamoja, hivyo kifuniko chembamba kama hicho huyeyuka ndani ya wastani. Rada huona mvua, maana yake huona dhoruba ikiwa imekwisha kuzaliwa, na kadiri inavyotazama mbali ndivyo mwale wake unavyopaa juu ya ardhi kwa sababu dunia imepinda. Puto ndilo linalopita ndani ya tabaka lenyewe na kulipima. Watabiri wa kituo cha dhoruba kali kilichoko Norman, Oklahoma, husoma michoro ya maputo ya asubuhi kabla ya kuamua wilaya zipi ziambiwe kwamba jioni itakuwa mbaya, na siku zenye hatari kubwa baadhi ya ofisi huombwa kurusha puto la ziada mchana.

Tarehe 26 Aprili 2024 tornado ilipita Elkhorn, kitongoji cha Omaha, na kuharibu mamia ya nyumba. Watu walikuwa wamepata onyo na wakajificha. Haukupita mwaka mzima tangu siku hiyo puto la Omaha likasimamishwa, tena majira ya dhoruba yakianza. Na tukitazama ramani, miongoni mwa vituo jirani ambavyo vingeweza kusaidia kuziba pengo, Rapid City ilikuwa imesimamishwa siku hiyohiyo, na Aberdeen na North Platte zilikuwa zimepunguziwa nusu. Ni sawa na kuondoa nguzo ya nyumba na kupunguza zile za pembeni yake kwa msumeno uleule.

Hapa ndipo ninapokumbuka daftari langu, ingawa mambo hayafanani kabisa. Katika daftari la shule, mraba mtupu ulionekana. Kompyuta za utabiri hazina mraba mtupu. Zinafanya kazi hivi: utabiri uliotolewa saa chache zilizopita huchukuliwa kuwa makisio ya hali ya sasa, kisha vipimo vinavyofika kutoka ardhini, melini, kwenye ndege, kwenye maputo na setilaiti huyasahihisha makisio hayo, na kutokana na picha iliyosahihishwa utabiri mpya huanza kukokotolewa. Mahali ambapo hakuna kipimo kilichofika, makisio hubaki kama yalivyo. Kompyuta hutoa ramani iliyojaa rangi kila pembe, Nebraska imepakwa rangi sawa na Kansas iliyopimwa, na msomaji hana njia ya kujua wapi rangi imetokana na kifaa na wapi imetokana na dhana ya jana. Kompyuta hufanya kila siku, kwa uhodari mkubwa na kwa nia njema, jambo lile nililolifanya mimi Jumatatu ile, na hakuna mwalimu wa jiografia anayepita nyuma yake na kalamu nyekundu kabla utabiri haujatoka.

Wapo waliojibu kwamba hofu imetiwa chumvi, na hoja yao haifai kudharauliwa. Majaribio ya kuondoa makusudi vipimo fulani katika kompyuta za utabiri yameonyesha mara nyingi kwamba kituo kimoja kikikosekana, ubora wa utabiri kwa wastani wa mwaka hushuka kidogo sana, na kwamba kwa utabiri wa dunia nzima setilaiti ndizo zenye mchango mkubwa zaidi. Ni kweli. Lakini wastani ni kipimo cha ajabu katika mambo ya dhoruba. Siku nyingi za mwaka anga la Nebraska limetulia, na puto hurudi na habari ambazo kompyuta ilikuwa ikizijua tayari. Puto hufaa zaidi siku zile chache ambazo makisio yamekosea, na siku hizo ndizo ambazo kifuniko kinabanduka. Mimi katika hesabu zangu za ofisi nimeona mlinzi wa usiku akipunguzwa kwa hoja hiyohiyo: tangu aajiriwe hajawahi kukamata mwizi.

Ugumu mwingine ni kwamba hasara ya kipimo kilichokosekana haithibitiki kwa urahisi. Mwezi Mei 2025 tornado iliua watu 19 kusini-mashariki mwa Kentucky, na wengi wakakimbilia kulaumu upungufu wa watumishi katika ofisi ya karibu, lakini watabiri walikuwa wamepangwa kufanya kazi ya ziada usiku ule na maonyo yalitoka. Mtu mwaminifu hawezi kuuchukua msiba ule na kuuegemeza kwenye puto. Hii ndiyo sababu jambo hili ni gumu kulitetea mbele ya wenye kushika fedha: daraja likivunjika utaliona limelala mtoni, lakini utabiri uliopotoka kwa kilomita 100 hauachi mabaki.

Tukio lililokaribia kabisa kuonyesha uhusiano huo lilitokea Alaska. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba 2025, mabaki ya Kimbunga Halong, kilichokuwa kimezaliwa magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, yalifika pwani ya Bahari ya Bering na kusukuma maji ndani ya vijiji vya watu wa Yup'ik, hasa Kipnuk na Kwigillingok. Nyumba ziling'olewa zikaelea, nyingine zikiwa na watu ndani, na zaidi ya watu elfu moja walilazimika kuhama kwao, wengi wakibebwa kwa ndege. Ilijulikana kwamba dhoruba inakuja. Kilichochelewa kujulikana ni njia yake hasa na ukali wake, kwa kuwa mpaka siku moja au mbili kabla, kompyuta zilikuwa bado zinatofautiana. Kotzebue haikuwa ikirusha maputo tangu Februari, na vituo vingine vya upande ule wa Alaska vilikuwa vimekosa sehemu ya maputo yao. Wataalamu wa tabianchi wa Alaska walisema kuna uwezekano mkubwa kwamba mapengo hayo yalichangia, na hawakusema zaidi ya hapo. Nawaheshimu kwa kutosema zaidi. Lakini kwa mtu aliye katika kijiji kisicho na barabara ya kwenda popote, siku moja ya kujua mapema ni ndege moja zaidi iliyowahi kutua.

Kama kuna anayeona kwamba kipimo kimoja hakiwezi kuwa na maana kubwa, ipo hadithi ya Maureen Sweeney, wakati huo Maureen Flavin, mfanyakazi wa posta ya Blacksod katika pwani ya magharibi ya Ayalandi. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusoma kipimahewa na kutuma tarakimu Dublin, ambako zilipelekwa Uingereza. Tarehe 3 Juni 1944, siku aliyotimiza miaka 21, alisoma mgandamizo unaoshuka haraka. Simu ikapigwa kutoka mbali, sauti ya mwanamke ikimtaka ahakiki tena, naye akahakiki, tarakimu zikawa zilezile. Hakujua ni nani anauliza wala kwa nini. Kutokana na taarifa ile na nyingine chache, safari ya majeshi ya Washirika kuvuka bahari kwenda Normandy, Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia, iliyopangwa tarehe 5, iliahirishwa hadi tarehe 6. Yeye mwenyewe alikuja kujua miaka mingi baadaye. Kinachonipendeza katika habari hii ni ile simu: kulikuwa na mtu upande wa pili aliyetilia shaka tarakimu, na kulikuwa na mtu upande huu wa kwenda kuangalia tena.

Sasa nirudi kwetu, kwa sababu hali ambayo Nebraska iliionja kwa msimu, sisi tumeizoea kiasi cha kutoiona. Takwimu zinazotajwa na taasisi za kimataifa zinasema Afrika nzima ina rada za hali ya hewa 37, wakati Ulaya ina 345 na Amerika ya Kaskazini 291. Kituo cha Dagoretti, Nairobi, kimekuwa kikirusha maputo kwa miaka mingi, na maputo ya kituo kama hicho yanahudumia eneo ambalo Ulaya lingekuwa na vituo kadhaa. Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilikubaliana kiwango cha chini: kituo cha ardhini kila kilomita 200, na cha puto kila kilomita 500, mara mbili kwa siku. Chukua ramani na rula, upime mwenyewe kutoka Mtwara hadi Kigoma.

Mwaka 2020 tulipewa onjo jingine. Ndege za abiria hubeba vipimajoto na hutuma vipimo vya upepo na joto kila zinapopaa na kutua, na ugonjwa wa korona ulipozifunga ndege ardhini, vipimo hivyo vilipungua duniani kwa asilimia 75 hadi 80, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani likasema katika maeneo ya kusini mwa dunia upungufu ulikaribia asilimia 90. Tulioumia zaidi ni tuliokuwa na vichache.

Katika Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi hakuna ndege zinazotumwa kuingia ndani ya vimbunga kama zifanyavyo ndege za Marekani kule Atlantiki. Hidaya kilifuatiliwa kwa macho ya setilaiti, na miongoni mwa macho hayo yapo yale ya mawimbi-mikro, ambayo hupenya wingu la juu na kuonyesha kama kitovu cha kimbunga kinajikaza au kinalegea. Juni 2025 jeshi la Marekani lilitangaza kwamba vipimo vya aina hiyo kutoka setilaiti zake za zamani vingeacha kutolewa ndani ya siku chache. Muda ukasogezwa kwa mwezi mmoja, kisha ikasemwa vitaendelea hadi vifaa vife vyenyewe au mpango ufungwe rasmi Septemba 2026. Taarifa zile zilizungumza juu ya msimu wa Atlantiki. Hazikutaja Mafia wala Komoro, na sikutegemea zitaje, lakini setilaiti hizo hupita juu yetu pia.

Bibi yangu alikuwa msichana Lindi kimbunga cha Aprili 1952 kilipopiga. Alisimulia kwamba asubuhi yake watu walikwenda shamba kama kawaida, na kwamba bati la duka moja lilikutwa juu ya mnazi. Kabla ya hapo, Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, na hiyo ni sababu mojawapo ya karafuu kuhamia Pemba, ambako iko mpaka leo. Kwa Hidaya ilikuwa tofauti. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa siku kadhaa mbele, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kikafikia Mafia kikiwa kimeanza kupoteza nguvu. Mjomba alikuwa ameivuta mashua yake juu ya mchanga tangu Alhamisi. Kati ya asubuhi ya bibi na Alhamisi ya mjomba, kilichoongezeka ni vipimo na kompyuta za kuvitumia.

Naye mjomba, ambaye huniita mjomba kama nimwitavyo, amepata desturi ya kunipigia simu kabla ya kutweka, kwa kuwa anaamini mtu wa mjini mwenye simu kubwa anaona mbali. Wiki iliyopita alinipigia baada ya sala ya alfajiri.

"Mjomba, wanasemaje huko?"

Nikaifungua ramani. Bahari kutoka Mafia hadi Komoro ilikuwa ya rangi ya kijani laini, imejaa mpaka pembeni, hakuna mahali palipoachwa.

"Wanasema kusi ya wastani, mjomba, mawimbi si makubwa. Huko kwako kukoje?"

Akanyamaza kidogo, nikasikia kwamba ametoka nje.

"Upepo wa matlai umechelewa," akasema. "Na mawingu ya kule kusini siyaelewi. Nitangoja kwanza."

Nikamwomba anipigie tena saa tatu.